Sekretari Aliyeingia Cambridge Bila Shahada

Fomu za kuomba uzamili wa saikolojia zina sehemu moja inayowavunja moyo waombaji wengi: uzoefu wa utafiti. Mhitimu anayefundisha sekondari Chalinze, ambaye tangu atoke chuo hajashiriki mradi wowote, huiacha wazi. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, angeacha nyingi zaidi. Alipokubaliwa Cambridge mwaka 1962 kusomea uzamivu wa tabia za wanyama, taaluma iliyo jirani kabisa na saikolojia, hakuwa hata na shahada ya kwanza. Alikuwa amesomea usekretari.

Wengi hujibu kwamba alibebwa na Louis Leakey, bosi wake wa Nairobi. Kweli, ndiye aliyemwombea nafasi. Lakini Leakey naye alikuwa na cha kuonyesha. Goodall alifika Gombe, Kigoma, Julai 1960 akiwa na fedha za miezi michache. Mwanzoni sokwe walimkimbia, akawa anakaa kilimani na darubini, akiandika kila alichokiona. Novemba mwaka huohuo akamwona dume aliyempa jina David Greybeard akichomeka unyasi kwenye kichuguu, akiuchomoa na kula mchwa waliong'ang'ania. Baadaye akaona sokwe wakipukutisha majani ya kijiti kabla ya kukitumia, wakati wanasayansi wakiamini kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake.

Hapo ndipo uzito wa maombi yake ulipo. Mdhamini anayeandika kuwa mwombaji ni mchapakazi na mwadilifu hajasema kitu. Wote huandikiwa hivyo. Mwenye daftari lenye tarehe humpa mdhamini wake la kusema.

Chuoni msimamizi wake, Robert Hinde, alimbana kwenye uandishi. Goodall aliandika kwamba sokwe mdogo, Fifi, aliona wivu. Umejuaje, akaulizwa. Suluhisho likawa kuandika kwamba Fifi alitenda kwa namna ambayo, angekuwa mtoto wa binadamu, tungeiita wivu. Sentensi ya aina hiyo katika maelezo binafsi ya mwombaji inamtambulisha kuliko kurasa mbili za mapenzi yake kwa saikolojia. Mwalimu wa unasihi asiandike tu kwamba wanafunzi wana msongo wa mawazo. Aeleze walilalamikia nini, usingizi au ada, katika kipindi gani cha muhula, na ni maelezo gani mengine aliyoyafikiria kabla ya kufikia yake. Majina ya watoto yasitajwe. Kuanza kugawa madodoso bila kibali ni kosa ambalo jopo la udahili litaliona haraka.

Takwimu za kuchambua zipo bila kumsumbua mtu. Afrobarometer, ambayo Tanzania imo, hutoa bure majibu ya wananchi kuhusu kuaminiana na mengine mengi, na programu ya R nayo ni ya bure. Swali moja dogo, jedwali moja na aya ya kukiri mipaka ya jibu vinatosha kuambatanishwa na maombi.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba daftari peke yake hufungua mlango. Baada ya wanafunzi wanne kutekwa Gombe Mei 1975, Watanzania ndio waliobeba kazi ya kurekodi sokwe kila siku, kwa Kiswahili. Mwaka mmoja kabla, mmoja wao, Hilali Matama, alikuwa ameshuhudia shambulio lililoanzisha vita ya miaka minne kati ya makundi ya sokwe. Uchunguzi wake umo vitabuni, lakini hapakuwa na Leakey wa kumwombea Cambridge.

Ndiyo maana mwombaji wa Chalinze anahitaji pia mtafiti aliyemwona akifanya kazi. Kwa barabara ya Msata anafika Bagamoyo, kwenye kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichoshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Utafiti wa namna hiyo huhitaji watu wa kuhoji kaya na kujaza fomu. Malaria si saikolojia, lakini kuomba ridhaa ya mhojiwa, kuuliza swali vilevile kwa kila mtu na kusahihisha fomu jioni ni kazi zilezile.