Peleka Sindano Mwisho wa Upande

Muuzaji wa santuri anayeijua kazi yake hukupigia wimbo wa kwanza, na hapo ndipo wengi wanaponasa. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, iliyotoka Machi 1973, iliuzwa kwa mamilioni, kwa hiyo nakala kuukuu hazina uhaba. Zenye uhaba ni nzima. Mwombe apeleke sindano karibu na lebo, upande wa kwanza, inapoanza The Great Gig in the Sky.

Santuri huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, sindano iwe ukingoni au ndani. Ukingoni, mzunguko mmoja ni kama sentimita 90 za mfereji. Kwenye lebo unaweza kupungua hadi karibu 40. Muziki unabanwa, na sindano butu ya mwenye mali wa zamani huonyesha madhara yake hapo kwanza. Sasa hapo hapo ndipo Clare Torry anapoimba bila neno hata moja, akitoka kwenye mnong'ono hadi kilio cha juu kabisa. Katika nakala nzuri sauti hiyo hupanda ikiwa na nyama yake, na pumzi unaisikia. Katika nakala iliyolika, akifika juu tu sauti inaingia mchanga, kisha inachanika kama khanga kuukuu. Usidanganywe kwamba ikioshwa itapona. Uchafu hutoka kwa maji. Mfereji uliochimbwa haurudi.

Kabla hajaanza kuimba, sikiliza piano ya Richard Wright. Noti ndefu ikiyumba mithili ya mtu anayeimba akiendesha baiskeli kwenye barabara ya mashimo, tazama mkono wa mashine: ukienda kushoto na kulia kila mzunguko, tundu halikutobolewa katikati. Hilo ni kosa la kiwandani.

Ndipo urudi mwanzo. Mapigo ya moyo yanayofungua santuri huanzia chini sana, na humo utasikia kama kuna chumvi inayorukaruka motoni. Milio michache ya hivyo navumilia. Kwenye wimbo wa Time zinalia saa ambazo fundi mitambo Alan Parsons alizirekodi moja moja katika duka la saa. Kila moja iwe na mahali pake, isiwe rundo la sufuria zilizoanguka. Mimi niliwahi kuilaumu santuri wiki nzima kwa rundo hilo, kumbe ni kinyuzi cha vumbi kilichonata kwenye sindano yangu.

Money isikupumbaze. Inafungua upande wa pili, ukingoni kwenye nafasi tele, kwa hiyo sarafu zake hulia vizuri hata katika nakala iliyochakaa.

Wakusanyaji hutafuta toleo la kwanza la Uingereza, lenye pembetatu ya buluu iliyojaa rangi kwenye lebo, na hulilipia pesa nyingi. Likiwa safi, wana haki. Likiwa limechoka, ni pambo la ukutani, na afadhali uchukue toleo la 2003 la kuadhimisha miaka 30 ambalo halijaguswa sana. Na muuzaji akikataa kupeleka sindano kule mwisho, mrudishie jalada lake, mshukuru, uende zako.