Amri ya Dover

William Longchamp, askofu wa Ely, hakuangushwa na John, mdogo wake Mfalme Richard wa Uingereza. Alijiangusha mwenyewe Septemba 1191, na amri iliyomwangusha, ya kumkamata askofu mkuu wa York, haikuwa na ulazima wowote.

Hali ilikuwa hivi. Richard yuko kwenye Vita vya Msalaba, na Longchamp, kansela wake, ameshika muhuri, utawala wa nchi na, tangu 1190, ubalozi wa Papa. Geoffrey, askofu mkuu wa York na mwana wa nje ya ndoa wa Henry wa Pili, anashuka Dover ilhali aliapa kukaa nje ya Uingereza kwa miaka mitatu. Kumzuia kulikuwa na hoja, tena hoja nzito.

Lakini Geoffrey alishaingia katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Martin. Hapo kilichotakiwa ni subira tu: weka walinzi mlangoni, mwandikie mfalme, mwache mtu achoke mwenyewe. Ngome ya Dover ilikuwa mikononi mwa shemeji yake Longchamp. Askari wa ngome wakaizingira nyumba hiyo siku chache, kisha wakaingia kanisani wakamkokota askofu mkuu kutoka altareni, wakamfungia ngomeni.

Na haya yakatendeka Kent! Becket aliuawa Canterbury, mwendo mfupi kutoka hapo, mwaka 1170, na mahujaji walikuwa bado wanamiminika kwenye kaburi lake. Longchamp alikuja kujitetea kwamba hakuagiza ukatili ule. Lakini aliyeweka jamaa yake ngomeni anawajibika kwa anayoyatenda jamaa huyo. John, aliyekuwa akitafuta kisa kwa muda mrefu, akakabidhiwa kisa kitakatifu, na maaskofu waliokuwa wakisitasita wakasimama upande wake. Oktoba, London, baraza likamvua Longchamp madaraka.

Kutawala kwa niaba ya mfalme hakukuhitaji ukatili kama huo. Roger, askofu wa Salisbury, alimwendeshea Mfalme Henry wa Kwanza nchi wakati mfalme yuko Normandy, akaijenga hazina ya kifalme, na hakuhitaji kumburura askofu yeyote. Huyo ndiye kipimo changu, leo kama zamani.



Kile kisa cha Longchamp kutoroka akiwa amevaa nguo za kike, baada ya kuvuliwa madaraka, kinanichosha. Aliyekieneza ni Hugh de Nonant, askofu wa Coventry na mtu wa John, na bado waandishi wanakirudia huku wakiipita Dover kwa sentensi moja.

Richard alimwachia Longchamp ukansela hadi Longchamp alipofariki 1197. Utawala wa Uingereza alimpa Hubert Walter.