Mimi Mmoja, Kombania Kumi na Nne

Kando ya ziwa la volkano la Kisiba huko Rungwe, ambalo wengine huliita Masoko, limesimama jengo la mawe la enzi za Mjerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, hapo ndipo yalipokuwa makao ya Kombania ya 5. Anayetoka hapo akasome kumbukumbu za kamanda mkuu wa jeshi la Wajerumani katika koloni hilo, Paul von Lettow-Vorbeck, zilizochapishwa 1920, atapata tabu kuiona Kisiba. Umbo la kitabu ndilo linaloificha.

Kitabu kimeshikiliwa na nafsi ya kwanza: "mimi" ndiye anayeamua, anayekagua, anayehamisha vikosi. Jeshi lenyewe halikuumbwa hivyo. Lettow alifika Januari 1914 akakuta kombania 14 zimetawanywa koloni nzima ili kuwadhibiti wenyeji. Kila moja ilikuwa na askari kama 160, bombomu zake na wapagazi wake, ikaweza kutembea, kula na kupigana bila kungoja amri ya mbali. Nguvu ya jeshi hilo ilikuwa huko kutawanyika, na msimulizi wa "mimi" hana budi kuikusanya yote mkononi mwake.

Mshono unafumuka kwenye habari za Karonga, mji uliokuwa mikononi mwa Waingereza ng'ambo ya mpaka. Tarehe 9 Septemba 1914 Kapteni von Langenn, aliyetoka Masoko, aliushambulia mji huo. Safu ya Waingereza iliyokuwa imetoka kumkabili ilipishana naye porini, kisha ikarudi ikampiga kwa nyuma, naye akajeruhiwa vibaya. Lettow wakati huo yuko kaskazini, upande wa Kilimanjaro. Hapo "mimi" anakaa kando, na sauti inageuka kuwa ya taarifa iliyopokelewa, fupi na kavu. Mapigano ya Tanga, alikokuwepo mwenyewe, yamepewa sura nzima. Kwangu, maelezo hayo mafupi ndiyo ya kweli kuliko mengi yanayosifiwa kitabuni, kwa kuwa yanaonyesha jeshi lilivyofanya kazi: kombania inaamua, kamanda anasikia baadaye.

Lakini taarifa nayo inachagua. Maofisa wana majina; wapagazi ni wingi tu, ilhali bila wao kombania isingesogea hata siku moja kutoka Kisiba. Risasi na chakula vilikwenda vichwani mwao. Jeshi la namna hii lilistahili kitabu cha sauti nyingi, na sura ya Karonga ningemwachia aibebe mpagazi wa Rungwe aliyeteremka na mzigo hadi mto Songwe.