Karl Albrecht na hesabu ya rafu fupi

Ukiuliza Karl Albrecht, mmoja wa waanzilishi wa maduka ya Aldi ya Ujerumani, alitajirikaje, utaambiwa aliuza bei nafuu. Hayo ni matokeo. Kazi yenyewe ilikuwa kuamua duka lisiuze nini.

Mama yake, Anna, alifungua duka mwaka 1913 huko Schonnebeck, mtaa wa wachimba makaa ya mawe mjini Essen. Karl na mdogo wake Theo walilishika mwaka 1946, baada ya kurudi kutoka vitani. Wateja hawakuwa na fedha, na ndugu hao hawakuwa na mtaji wa kujaza rafu. Waliweka vyakula vichache vya lazima, kwa nia ya kuongeza aina nyingine hali ikitengemaa. Walipopiga hesabu wakakuta gharama ziko chini mno na faida ipo, wakaacha kuongeza. Uamuzi huo naona ndio uliozaa yote yaliyofuata.

Tuseme mtaa mmoja hununua makopo 1,000 ya njegere kwa wiki. Duka lenye chapa 10 litauza kama makopo 100 ya kila moja. Litaagiza kidogo kidogo kwa viwanda 10, litahitaji rafu ndefu, stoo kubwa na mtu wa kufuatilia kila chapa. Duka lenye chapa moja linaagiza makopo yote mahali pamoja, na kiwanda kinashusha bei kwa sababu oda ni kubwa. Mzigo huo pia huisha upesi. Ukiisha kabla siku ya kulipa ankara haijafika, fedha ya mteja ndiyo inayomlipa mwenye kiwanda, na mwenye duka hana haja ya kukopa benki.

Ufupi huo wa orodha ya bidhaa ulipunguza kazi pia. Bidhaa zilibaki ndani ya maboksi yaliyokatwa upande wa mbele, hakuna wa kuzipanga moja moja. Makeshia walikariri bei zote kichwani, jambo lisilowezekana duka likiwa na maelfu ya bidhaa, na foleni ikasogea haraka.

Sheria ya Ujerumani wakati ule iliruhusu punguzo lisilozidi asilimia 3. Maduka mengine yaligawa stempu ambazo mteja alizibandika kwenye kijitabu, akarejeshewa fedha baadaye. Akina Albrecht walilikata punguzo hilo kwenye bei tangu mwanzo. Mama mwenye nyumba aliliona siku hiyo hiyo, na duka likaepuka kazi ya stempu.

Kufikia mwaka 1960 walikuwa na maduka kama 300. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 waligawana, baada ya kutokubaliana kuhusu sigara: Theo alitaka kuziuza, Karl aliona zitavuta wezi. Theo akachukua kaskazini, Karl kusini, na jina la maduka yao, Aldi, likaja kutokana na Albrecht na Diskont, yaani punguzo. Karl alivuka mpaka mwaka 1967 kwa kununua Hofer ya Austria, kisha mwaka 1976 akafungua duka Iowa, Marekani, kwa hesabu ile ile.

Mzigo mzito wa mfumo huu hubebwa na kiwanda. Mnunuzi mmoja akichukua karibu mzigo wako wote, umepata soko la uhakika na umepoteza nguvu ya kukataa bei yake. Senti chache akizipunguza kwenye kila kopo, utazitafuta kwenye mishahara, kwenye malighafi, au kwa mkulima aliyekuuzia njegere.