Faili Moja, Folda Moja: Mageuzi ya Google Drive

Hadi Septemba 2020, faili moja ya Google Drive iliweza kukaa ndani ya folda mbili au tatu bila kunakiliwa. Uliichagua, ukabonyeza Shift na Z, ukataja folda nyingine, basi. Bajeti ya shule ilikaa kwa mhasibu na ikakaa kwa bodi. Ikihaririwa huku, na kule imebadilika. Tarehe 30 ya mwezi huo mlango ulifungwa: kila faili ibaki na folda moja tu. Kuna walionung'unika. Kwa maoni yangu Google walichelewa.

Tatizo lilikuwa ruhusa. Kwenye Drive, folda si mahali pa kuwekea vitu tu, ni orodha ya watu pia. Ukimpa mtu haki ya kuhariri folda, haki hiyo inashuka hadi kwa kila kilichomo, folda ndogo zikiwemo, pamoja na faili zitakazoingizwa mwezi ujao. Faili yenye folda mbili basi ilirithi watu kutoka pande mbili. Ulimtoa mtu kwenye folda ya mhasibu, naye akaendelea kuingia kupitia folda ya bodi, huku wewe ukiamini umemfungia.

Badala yake ikaja njia ya mkato, ambayo ni kielekezo tu na haibebi ruhusa yoyote. Ukiiweka kwenye folda ya bodi, wajumbe wote wataiona, ila asiyeruhusiwa kwenye faili yenyewe akibofya atatakiwa kuomba ruhusa. Watumiaji hulalamika kwamba "linki haifunguki", kumbe hiyo ndiyo kazi yake. Cha kuangalia ni jina: kila aliye kwenye folda hulisoma, hata kama ndani haingii. Faili iitwayo "Watakaopunguzwa kazi" imeshasema yote.

Ndiyo maana nashauri folda zipangwe kwa kufuata wasomaji, si mada. Folda ya "Fedha" inayochanganya mishahara na risiti za chai itakusumbua daima, kwa sababu kuongeza watu kadiri unavyoshuka ni rahisi, kuwapunguza ni kazi. Anza na kundi pana juu, kisha yanayohusu wachache yapewe folda yao kando.

Ambalo mageuzi ya 2020 hayakuligusa ni umiliki. Katika hifadhi ya mtu binafsi, faili ni ya aliyeiunda au kuipakia, hata ikiwa ndani ya folda ya mwingine. Folda ya kamati inaweza kuwa na faili za wamiliki kumi. Kila faili inahesabiwa kwenye GB 15 za bure za mmiliki wake, tofauti na Dropbox, ambako folda ya pamoja hula nafasi ya kila mwanachama, na akaunti ya bure ni GB 2 tu. Lakini kuna bei yake: mmiliki akiitupa faili, baada ya siku 30 kwenye tupio imekwenda kwa wote.

Kwa ofisi, Google walilitatua hili mwaka 2017 kwa kile kinachoitwa sasa hifadhi za pamoja, ambamo faili ni mali ya taasisi. Mfanyakazi akiondoka, zinabaki. Mwenye Gmail ya bure anaweza kualikwa humo, ila hawezi kuianzisha ya kwake. Vikundi vyetu vingi, vya kuweka akiba, vya wazazi, vya wahitimu, viko kwenye Gmail ya bure. Kwao naona dawa ni kufungua akaunti moja ya kikundi na kumpa katibu jukumu la kupakia kumbukumbu zote kupitia hiyo. Zile zilizokwisha kupakiwa na wanachama zihamishiwe umiliki moja moja, na akaunti ya kikundi ikubali kila ombi, maana bila kukubali, umiliki hauhami.