Wale Wasiofika Namugongo

Kila mwaka, Jumapili moja baada ya tarehe 3 Juni, kwenye parokia yetu huku Muleba hurudiwa jambo lile lile. Kabla ya baraka ya mwisho, waliokwenda Namugongo wanaombwa wasimame. Wanapigiwa makofi na vigelegele. Kisha mmoja wao, mara nyingi yule asiyeogopa kipaza sauti, anapewa dakika chache za ushuhuda. Tulianza safari, tukachoka, wengine miguu ilivimba, shetani akatujaribu, lakini kwa neema ya Mungu tukafika. Makofi tena. Baraka. Tunatoka.

Nimesikia ushuhuda huo tangu utotoni na sijawahi kukumbuka hata mmoja. Unaniudhi, na kwa muda mrefu sikujua kwa nini, kwani wanaoutoa ni watu ninaowaheshimu na wametembea kweli. Nilikuja kuelewa Jumapili moja nilipokaa benchi moja na mama mkubwa wangu, aliyekuwa ametembea kutoka Rubya hadi daraja la Kyaka na ambaye hakusimama. Hakuombwa. Walioombwa ni waliofika.

Mama mkubwa anahiji kwa vipande. Bibi aliweka nadhiri ya kwenda Namugongo kwa miguu, akafa bila kuitimiza, na binti yake mkubwa akairithi kama mtu anavyorithi kibanja chenye deni. Kundi linalotoka Kagera kwa miguu kila mwezi wa tano huhitaji wiki kadhaa: ushuke Bukoba, uvuke mto Kagera pale Kyaka, upite Mutukula, uingie Kyotera, Masaka, uvuke ikweta pale Kayabwe, ndipo uione Kampala. Mama mkubwa hana wiki hizo. Ana ng'ombe wawili, mume asiyeweza kuamka mwenyewe, na kahawa inayoanza kuiva wakati huo huo wengine wanapofunga mabegi. Kwa hiyo hutembea siku tatu au nne, akasimama, akapanda basi kurudi nyumbani. Mwaka unaofuata anarudi palepale alipoachia. Mimi ndiye mbeba begi.

Wazungu wanaokwenda Santiago kule Hispania hufanya hivyo hivyo na hakuna anayewashangaa. Wapo wanaotembea wiki moja kila likizo, mwaka hata mwaka, wakigongewa mihuri kwenye kijitabu chao cha hija. Lakini hata wao, ukisoma vitabu vyao, utakuta vipande vimefichwa. Kitabu cha Paulo Coelho kuhusu njia hiyo, kilichotoka mwaka 1987, ni safari moja, ya mtu mmoja na kiongozi wake, akitafuta upanga. Upanga wa kiroho, sawa, lakini bado ni kitu cha kushikwa mkononi mwishoni. Nilikisoma nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, nikakipenda. Nilipokisoma tena baada ya kutembea kutoka Muhutwe hadi Kemondo huku malori yakitupulizia vumbi, nilijikuta nikiuliza maswali ya kijijini: nyumbani kwa huyu bwana nani anapika?

Swali hilo si langu. Ni la mama mkubwa, na aliliuliza kuhusu kitabu kikubwa zaidi. Usiku mmoja, kwenye ukumbi wa parokia tulipolazwa juu ya mikeka, nilimsimulia kitabu cha John Bunyan cha mwaka 1678, ambacho Waswahili wengi wa Kiprotestanti wamekijua kwa jina la Safari ya Msafiri. Nilimweleza jinsi Mkristo anavyotambua kuwa mji wake utaangamizwa, jinsi mkewe na watoto wanavyomlilia arudi, naye akaziba masikio kwa vidole na kukimbia mbele. Mama mkubwa alinyamaza kidogo. Akauliza, "Huyo aliacha nani akamue ng'ombe?"

Nilicheka, lakini huo ni uhakiki. Msafiri wa Bunyan anaweza kwenda moja kwa moja kwa sababu mwandishi amemkatia kamba zote katika kurasa za mwanzo. Njia yake imenyooka kwa kuwa hana msiba wa kurudi kuzika wala mtoto wa kulipia ada. Bunyan mwenyewe, kwa haki yake, aliona pengo hilo. Mwaka 1684 alitoa sehemu ya pili, ambamo mke na watoto wanasafiri njia ile ile, polepole, kwa kundi, wakikaa muda mrefu kwenye nyumba za watu. Watoto wanakua wakiwa njiani, wanaoa. Ni sehemu inayosomwa kidogo na wahakiki wengi huiona dhaifu. Mimi naiona ndiyo iliyo karibu zaidi na ukumbi ule wa parokia, ambamo wanawake saba walikuwa wakikandana miguu kwa mafuta ya mgando na kubishana bei ya kahawa kwenye chama cha msingi.

Kama kuna mwandishi wa upande huu wa ziwa aliyejua kuandika mwendo wa miguu, ni Aniceti Kitereza, na kinachonifurahisha ni kwamba alisoma seminari pale pale Rubya tulipoanzia. Alikuwa Mkerewe. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, yeye akafariki mwaka uliofuata. Si kitabu cha hija. Ni habari za mume anayekwenda ukweni kumdai mkewe aliyechukuliwa na wazazi wake, na jasho la kutafuta pombe ya ndizi aliyotozwa ili arudishiwe. Lakini jinsi watu wanavyotembea humo! Hakuna anayepita nyumba ya mtu bila salamu, na salamu zinaandikwa zote, swali na jibu, hadi msomaji wa mjini anachoka na kuruka kurasa. Nami niliruka mara ya kwanza. Sasa naona kwamba aliyeruka salamu ameruka safari yenyewe. Myombekere hafiki ukweni halafu hadithi ikaisha. Anakwenda, anarudi mikono mitupu, anakwenda tena. Kitereza haoni aibu kwa kurudi huko. Kwake kwenda na kurudi ndiko kuishi na watu.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu pia. Ukiniuliza nilichokiona kati ya Muleba na Bukoba, nitakwambia ni nyumba. Mzee mmoja karibu na Muhutwe alitutolea kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, nasi tukakaa nusu saa tusiyokuwa nayo. Pale Kemondo tulishuka hadi karibu na bandari. Mama mkubwa alitaka kusali rozari akitazama ziwa, kwa sababu hapo ndipo MV Bukoba ilipopakia abiria kwa mara ya mwisho kabla ya kuzama tarehe 21 Mei 1996, ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu. Kagera ni mkoa unaojua vizuri habari ya watu walioondoka wakiwa wameaga vizuri na hawakufika. Ndiyo maana sielewi inakuwaje simulizi zetu za kanisani zimuone anayefika tu.

Tena nikirudi kwenye chanzo cha hija yenyewe, sioni wapi tumeipata kanuni hiyo. Tunasema Mashahidi wa Uganda walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na ni kweli kwa Karoli Lwanga na wenzake. Lakini kati ya Wakatoliki 22 waliotangazwa watakatifu mwaka 1964, tisa hawakufia Namugongo. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa Nakivubo miezi kadhaa kabla. Denis Ssebuggwawo na Andrea Kaggwa waliuawa Munyonyo. Wengine waliuawa mmoja mmoja katika msafara ule wa kuelekea Namugongo: Ponsiano Ngondwe, Atanasi Bazzekuketta, Gonzaga Gonza ambaye minyororo ilikuwa imemkata miguu hata asiweze kuendelea. Mathia Mulumba aliachwa kwenye vichaka vya Kampala ya Kale akiwa amekatwa mikono na miguu, akakaa siku kadhaa kabla ya kukata roho. Hakuna anayesema hao ni mashahidi wa nusu njia. Njia tunayoiigiza kila mwezi wa tano ina makaburi katikati yake, na simulizi yetu imeyaruka kwenda kwenye basilika.

Sasa lazima niseme kosa langu, maana bila hilo nitakuwa nawahukumu wengine nikiwa nimekaa kivulini.

Baada ya kipande cha tatu, cha kutoka Bukoba kupitia Kyetema hadi Kyaka, niliandika insha kuhusu safari yetu. Iliishia darajani, pale lilipolipuliwa daraja mwaka 1978 wakati wa vita na Idi Amin na baadaye likajengwa jingine. Niliisoma, nikaiona imekatika kama kamba. Nikaiongezea. Niliandika Mutukula na foleni ya mpakani, nikaandika Masaka, nikaandika ziwa dogo la Namugongo na mama mkubwa akichota maji yake kwenye chupa. Kurasa nne, na zilikuwa nzuri kuliko zile za kweli. Nilijiambia kwamba ni ubunifu, kwamba siku moja tutafika na itakuwa hivyo hivyo.

Nilimsomea Krismasi, jikoni, akimenya ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisu hakikusimama. Kisha akasema, "Umenifikisha. Nani amekutuma?"

Nilijaribu kueleza. Akanikatiza. "Mama yangu angeweza kupanda basi akafika siku hiyo hiyo. Hakutaka. Na wewe umenipandisha basi, mwanangu."

Nimesoma nadharia nyingi za ukweli katika uandishi wa maisha halisi, na mihula miwili ya umahiri nimeimaliza nikizijadili, lakini sijakutana na iliyonibana kama hiyo. Kosa langu lilikuwa lile lile la ushuhuda wa dakika chache, ila kwa Kiswahili cha kupendeza zaidi. Niliona aibu kwa ajili yake mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa na aibu.

Nilizifuta zile kurasa nne. Insha imebaki imekatika, na nikiulizwa simulizi ya hija ya vipande iandikwe vipi, naanzia kwenye jambo moja ambalo insha yangu ya kwanza haikulitaja kabisa, kwa kuwa nililiona dogo. Kila mara tunaporudi njiani, mama mkubwa hakubali kushuka stendi. Tulipoanza kipande cha pili alimsumbua konda tangu Kagoma, akitaka kushushwa kwenye duka moja lenye mlango wa bluu kabla ya Muhutwe, kwa sababu hapo ndipo mguu wake wa mwisho ulipogusa lami mwaka uliotangulia. Konda akasema, mama, mbele ni mita mia mbili tu, utarudi mwenyewe. Akakataa. Abiria wakaguna. Tulishushwa tukiwa tumekwishalipita duka, nasi tukarudi nyuma kwa miguu. Duka lilikuwa limefungwa na mlango umepakwa rangi ya kijani. Alisimama mbele yake akaangalia chini, akapiga ishara ya msalaba, ndipo tukaanza.

Kyaka ametia alama nguzo ya umeme, ya pili ukishavuka daraja, upande wa kushoto. Mwezi wa tano, kama mvua itaruhusu na shangazi atakubali kubaki na mgonjwa, tutashuka hapo.