Picha Isiyotaja Jina

Wengi wetu tukiona picha isiyoeleweka husema imeharibika, au, kwa adabu, kwamba hiyo ni sanaa. Lakini ukungu peke yake hauifanyi picha kuwa dhahania.

Chukueni ile aliyoipiga Paul Strand mwaka 1916 huko Twin Lakes, Connecticut, Marekani. Mna meza ya duara na vivuli vya uzio wa baraza, basi. Hakuna kilichofichwa. Ila meza imelazwa ubavu na kamera imesogezwa karibu mno, hata juu na chini hazijulikani.

Sisi wahandisi tunajua kwamba mchoro usio na vipimo wala mshale wa kaskazini haujengi nyumba. Strand ameviondoa makusudi. Jicho likikosa jina la kushika, huanza kupima uzito wa giza na mwanga.

Basi kipimo changu ni hiki: ukishaambiwa "ni meza", je, picha imekwisha, kama kitendawili kilichoteguliwa? Nyingi zinazotundikwa ukutani hukwisha hapo. Ya Strand, baada ya miaka zaidi ya mia, bado haijakwisha.